Ekografi Kwanza, Tisheti Baadaye: Kuomba Mkono wa Kampuni kwa Mbio za Oktoba Lubumbashi

Mwaka wetu wa kwanza kampuni moja ilitupa tisheti mia tatu za rangi ya waridi, nembo yao imeenea mgongoni kutoka bega hadi bega. Tulikimbia, tukaimba, tukapigwa picha. Kisha mama mmoja wa Katuba akaja chini ya hema la wauguzi. Hakuwa amekimbia, alikuja kwa ajili ya hema. Muuguzi alimpima titi kwa mkono, akanyamaza kidogo, akaandika neno moja kwenye kikaratasi: ekografi, ile picha ya ndani inayopigwa kwa mawimbi ya sauti. Mama akauliza, "Inafanyiwa wapi, na ni bei gani?" Hatukuwa na jibu. Akakikunja kile kikaratasi mara nne, akakifunga kwenye pindo la kitenge pale anapowekaga nauli, akatushukuru, akaondoka. Nyuma yetu kulikuwa na kartoni ya tisheti zilizobaki.

Nimeandika mwongozo huu kwa kila kikundi cha Lubumbashi, huku kwetu Kongo, kinachotaka kuandaa mbio za kuhamasisha watu juu ya saratani ya titi, au kansa ya maziwa kama tunavyosema hapa mjini, na kinachotaka kampuni isaidie. Fuata mpangilio nilioweka, kwa sababu sisi tuliupindua na tukaona matokeo yake.

1. Anzia hospitalini

Watu wengi humtafuta mfadhili kwanza, pesa ikishaingia ndipo wanajiuliza ifanye nini. Nenda kwanza kwenye hospitali mtakayoshirikiana nayo, iwe Sendwe, iwe Kliniki za Chuo Kikuu, iwe kituo cha afya cha masista kilicho jirani. Kaa na daktari na mkuu wa maabara. Waulize: mwanamke aliyegusa uvimbe leo asubuhi atapita milango mingapi hadi apate jibu, na kila mlango unadai pesa ngapi?

Mlango wa kwanza ni mkono wa daktari au muuguzi aliyefundishwa. Wa pili ni ekografi, ambayo kwa wanawake ambao bado ni vijana huonyesha vizuri kuliko mamografia, yaani eksirei ya titi, kwa kuwa matiti yao yameshikana zaidi ndani; na huku Afrika si wachache wanaogunduliwa kabla ya miaka 50. Wa tatu ni biopsi. Sindano nene hutoa vipande vyembamba vya nyama kwenye uvimbe, vinatiwa ndani ya formalini, dawa ya maji inayovizuia kuoza, vinapelekwa kwa mtaalamu wa kuvisoma kwa darubini. Wa nne, ikithibitika kuwa ni kansa, ni kipimo cha vipokezi vya homoni kwenye kansa hiyo, kinachomwonyesha daktari kama dawa kama tamoksifeni itamfaa mgonjwa huyu. Tamoksifeni ni kidonge cha bei nafuu, humezwa kila siku kwa miaka mitano au zaidi. Bila kipimo hicho daktari anabahatisha.

Safari hukatikia kati ya mlango wa pili na wa tatu. Mkono na picha huleta shaka tu. Biopsi ndiyo inayotoa jibu. Na kwa kuwa uvimbe mwingi wa titi si kansa, ni biopsi hiyo hiyo inayowarudishia wanawake wengi usingizi wao. Kwa hiyo uliza hospitali inakosa nini hasa. Mara nyingine daktari yupo na ujuzi anao, ila sindano zimekwisha, au formalini, au hakuna mtu wa kulipia kusafirisha vipande hadi maabara inayovisoma. Vitu vidogo hivyo kampuni inaweza kuvinunua bila hata kuitisha kikao cha bodi.

Jumlisha bei za milango yote, ongeza nauli ya teksibasi ya kwenda na kurudi mara tatu. Sisi jumla hiyo tunaiita kapu la mama mmoja. Kampuni ikikuuliza unaomba nini, usiseme "msaada". Sema makapu hamsini, na bei ya kapu moja ni hii hapa, na karatasi ya hospitali yenye muhuri ni hii.

Shirika la Afya Duniani, katika mpango lililouanzisha mwaka 2021, limeweka shabaha tatu: angalau 60% ya kansa za titi zigunduliwe zikiwa hatua ya kwanza au ya pili, uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kwa mhudumu wa afya, na angalau 80% ya wagonjwa wamalize matibabu waliyopangiwa. Mwaka 2022 wanawake milioni 2.3 duniani waligunduliwa na kansa hii, na watu 670,000 walikufa nayo. Kati ya tarakimu zote hizo, shika siku 60. Ndiyo utakayompimia mfadhili, na utakayojipimia wewe mwenyewe.

2. Weka karatasi zako sawa

Kampuni haitoi pesa kwa mtu. Chama kisichotafuta faida kinaongozwa hapa kwetu na sheria ya tarehe 20 Julai 2001. Kama chama chenu bado hakina hati, jiwekeni chini ya parokia au chama chenye hati, na muandikiane. Akaunti ya benki iwe na saini mbili za watu wasiolala nyumba moja. Namba ya M-Pesa, Airtel Money au Orange Money iandikishwe kwa jina la chama, isiwe simu ya mweka hazina. Mimi ndiye mweka hazina, na ningeomba hivyo hata kama nisingeombwa.

3. Chagua milango ya kugonga, na ile ya kupita

Mji huu unaishi kwa shaba, kwa hiyo wazo la kwanza la kila mtu ni migodi. Ni wazo zuri, ila kuna pesa moja usiiguse. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inaidai kila kampuni inayochimba itenge angalau 0.3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazoguswa na mgodi. Nimeona vikundi vya mjini vikiililia pesa hiyo. Ni ya vijiji vinavyokula vumbi la mgodi, ya kisima chao na shule yao. Hatuwezi kuichukua tukaenda kukimbia nayo mjini. Omba kwenye bajeti ya mawasiliano, au kwa idara ya afya na usalama kazini. Hao wa usalama kazini ndio marafiki wenu wa kweli. Wana gari la wagonjwa, wana waokoaji waliofundishwa, wana redio za mkononi na koni za barabarani. Na wana lori la maji, lile linalomwagilia barabara za mgodi kutuliza vumbi. Mwaka wa pili tuliliomba lori hilo lipite alfajiri kwenye kipande cha njia yetu kisicho na lami, mwanzoni mwa Oktoba wakati mvua bado. Wakimbiaji walifika mwisho wanapumua badala ya kukohoa. Haikumgharimu mfadhili zaidi ya dereva na mafuta ya saa mbili.

Kampuni za simu ziombe ujumbe mfupi wa kutuma kwa wateja wa mji mzima, ukiandikwa kwa Kiswahili: dalili ni zipi, hema litakuwa wapi. Benki iombe wahesabu pesa wawili siku ya kujiandikisha. Maduka ya dawa, karakana, kampuni za usafiri wa mizigo: wadogo hawa husahaulika, na mara nyingi ndio wanaolipa kwa wakati.

Kiwanda cha pombe kitakuja chenyewe, na kitakuja na jukwaa, muziki na pesa nyingi kuliko wote. Sisi tulikataa. Pombe inaongeza hatari ya kansa ya titi, hata ile inayonywewa kidogo, na siwezi kumwambia binti jambo hilo chini ya hema huku chupa imechorwa kwenye tisheti aliyovaa. Wauzaji wa mafuta ya kung'arisha ngozi nao tuliwashukuru tukawapita. Wenzetu wengine wanaona pesa ni pesa. Jadilianeni kabla hamjaanza kuomba, kwa sababu hundi ikishakuwa mezani hakuna anayejadili vizuri.

4. Barua iende mapema

Kampuni nyingi hupanga bajeti mwishoni mwa mwaka kwa ajili ya mwaka unaofuata. Ombi la Septemba hula mabaki, na mabaki kwa kawaida ni tisheti. Peleka barua kati ya Novemba na Februari. Ukurasa mmoja, kwa Kifaransa, kwa sababu ndivyo ofisi zinavyosoma. Kikao chenyewe kitageuka Kiswahili baada ya salamu. Nyuma yake bandika karatasi moja ya makapu. Beba nakala mbili, na mtu wa mapokezi akugongee muhuri, tarehe na saini kwenye nakala yako. Barua isiyo na muhuri haijulikani kama ilifika.

Kikao chetu kimoja kilikwenda hivi. Mkurugenzi wa mawasiliano alitupokea vizuri, akaagiza soda.

"Mama, sisi tunaweza tisheti mia tano. Nembo yetu mbele na nyuma."

"Aksanti sana, Papa Mkurugenzi. Hizo tisheti mia tano ni makapu mangapi?"

"Makapu gani?"

Nikamsogezea karatasi. Alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, akauliza formalini ni nini, akauliza kwa nini biopsi ni ghali kuliko ekografi. Kisha akavuta mashine ya kuhesabu. Tulitoka na tisheti mia na hamsini na makapu arobaini, kwa pesa ile ile aliyokuwa ameitenga. Hakuwa mtu mgumu. Hakuna aliyekuwa amemwonyesha bei.

Utaulizwa pia, na mkubwa mmoja angalau, kama jambo hili si la Wazungu. Jibu ukweli. Mbio za kwanza kubwa za namna hii zilikimbiwa Dallas, Marekani, mwaka 1983, na watu 800. Utepe wa waridi ulienea mwaka 1992, kampuni ya vipodozi ya Estée Lauder ikiugawa kwenye meza zake za mauzo, na kampuni hiyo hiyo ndiyo iliyoshiriki kuanzisha mwezi wa Oktoba wa waridi Ufaransa mwaka 1994. Desturi hii imetoka huko. Ugonjwa uko hapa. Na biashara imekuwa ndani yake tangu mwanzo, kwa hiyo kuuliza biashara inatoa kiasi gani na inakwenda wapi si utovu wa adabu.

5. Mkataba, hata kwa rafiki

Mwaka mmoja kampuni ilitamka ahadi yake jukwaani, mbele ya kamera, na watu wakapiga makofi. Pesa ilifika mwezi wa tatu mwaka uliofuata. Katikati hapo mshona mabango alikuja nyumbani kwangu mara nne, na mara ya nne alikuja na mkewe.

Tangu hapo tunaandika kurasa mbili na kutia saini kabla ya kuchapa hata tisheti moja. Tunaandika kiasi kamili kwa dola na tarehe ya kulipa, sehemu kubwa ikiingia wiki sita kabla ya mbio. Pesa ya makapu inakwenda moja kwa moja kwenye akaunti ya hospitali, haipiti kwetu. Ahadi ya "sehemu ya mauzo ya mwezi wa kumi" tunaikubali ikiwa tu imeandikwa kiwango cha chini kitakacholipwa hata bidhaa zisipouzwa. Nembo ina ukubwa wake, kwa sentimita. Hakuna picha ya mgonjwa itakayotumiwa katika tangazo bila saini yake mwenyewe, na anaweza kuiondoa saini hiyo. Kampuni haipati majina ya wanawake waliopimwa. Inapata hesabu tu. Hilo la mwisho lilitugharimu mfadhili mmoja, na sijutii.

Kanuni yetu ya ndani: kila dola moja ya tisheti ifuatwe na angalau mbili za vipimo.

6. Uliza juu ya wafanyakazi wao wenyewe

Swali hili liweke mwishoni mwa kikao, kwa upole. Sheria ya kazi ya mwaka 2002 inamtaka mwajiri kugharimia matibabu ya mfanyakazi na familia yake. Je, makubaliano yao na hospitali yanafika hadi biopsi? Hadi dawa za kansa? Na akina mama wanaofagia ofisi, walioletwa na kampuni nyingine, wanaolipwa kwa siku, wao wanatibiwa na nani? Mama wa usafi akipoteza siku moja kwa ekografi anapoteza ugali wa siku hiyo. Mfadhili anayewapa wanawake wake wote, na hao wa kulipwa kwa siku, nusu siku yenye malipo ya kwenda kupimwa amefanya kazi kubwa kuliko bango lolote. Tumewapata wawili waliokubali. Hatukuwa tumefikiria kuomba mpaka muuguzi wetu alipolisema.

7. Njia, polisi, jua

Katiba, kifungu cha 26, inataka wanaoandaa tukio barabarani wawaarifu viongozi kwa maandishi. Barua iende kwa meya, na nakala kwa bugumestre, yaani mkuu, wa kila komini (sehemu ya mji) mtakayopita na kwa polisi, hasa wale wa rulaji watakaosimamisha magari. Muhuri kwenye nakala, tena.

Kilomita tano zinatosha, na wanaotembea wahesabiwe sawa na wanaokimbia. Chora mzunguko mmoja unaorudi ulikoanzia, usivuke reli ikiwezekana, na kaa mbali na njia ya Kasumbalesa, ile ya mpaka wa Zambia, kwa sababu ya malori. Oktoba ni mwezi wa joto kali hapa, na mji uko kama mita 1,200 juu ya bahari. Mtu asiyezoea atachoka mapema kuliko anavyodhani. Anza saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Jua limeshachomoza lakini halijakasirika, na Jumapili watu watawahi ibada ya pili. Maji yawepo kila baada ya kilomita mbili. Gari la wagonjwa lifuate mtu wa mwisho, sio wa kwanza.

8. Meza na hema

Mezani waweke watu wawili wanaojua pesa. Ada iwe ndogo, ilipwe kwa franka au dola, na mwambie kila mtu mapema kwamba dola iliyochanika au kuandikwa haipokelewi, maana benki itawakatalia nyinyi Jumatatu. Kampuni inaweza kuombwa iongeze franka kwa franka juu ya kila ada ya mfanyakazi wake atakayekimbia. Hiyo huwaleta wengi kuliko tangazo.

Hema la kupimia liwe na kuta pande zote nne, na mlango usiotazama jukwaa. Mwaka wa kwanza letu lilikuwa paa tu. Ndani kuna muuguzi wa kike, kiti, kitambaa safi, na kikapu cha vikaratasi vyenye namba. Nje ya hema, mtu mmoja anaeleza dalili kwa sauti ya kawaida: uvimbe mgumu kwenye titi au kwapani, ambao mara nyingi hauumi, ngozi inayobonyea kama ganda la chungwa, chuchu iliyoingia ndani au inayotoa damu, titi lililobadilika umbo. Wanaume nao wasikilize. Ni wachache, kama 0.5 hadi 1 kati ya kila wagonjwa 100, lakini wapo. Na zaidi ya hapo ni wao mara nyingi wanaoshika pesa ya nauli.

Waliopona wakaribishwe kuzungumza kama wanataka, na walipiwe usafiri hata wakichagua kukaa kimya kwenye kiti cha kivuli. Msimsukume mtu jukwaani ili mfadhili apate picha.

Kila mwanamke anayetoka hemani na shaka anatoka na kikaratasi kilichoandikwa siku, saa, chumba, jina la hospitali, na maneno haya: imeshalipwa.

9. Siku 60 zinazofuata

Jumatatu fungua daftari. Namba ya mwanamke, tarehe ya hema, ekografi, biopsi, jibu, tarehe ya kuanza matibabu. Majina ya wanawake yako kwenye daftari la pili ambalo linalala hospitalini. Chagueni watu wawili wa kupiga simu. Asiyefika siku yake apigiwe jioni hiyo, na asiyepatikana afuatwe nyumbani na mtu asiyevaa tisheti yetu, ili majirani wasianze kuuliza. Wanaopatikana na kansa na kuhitaji mionzi, daktari ataeleza wanakoweza kutumwa. Wengine huvuka Kasumbalesa kwenda hospitali ya saratani ya Lusaka, iliyofunguliwa mwaka 2007, na hapo gharama ni za safari, malazi na karatasi za mpaka. Bakisha sehemu ya pesa kwa ajili yao. Msiitumie yote kwenye makapu.

Siku ya 61 mpelekee mfadhili ukurasa mmoja. Wangapi walipimwa hemani, wangapi walifanya ekografi, wangapi biopsi, wangapi walipata jibu ndani ya siku 60, wangapi tuliwapoteza njiani na kwa sababu gani. Andika na hao waliopotea. Ambatanisha stakabadhi za hospitali na pesa iliyobaki. Hiyo ni mwezi wa kumi na mbili, bajeti ya mwaka ujao bado iko wazi. Kwa hiyo barua mpya iende ndani ya bahasha hiyo hiyo, na nakala yako igongwe muhuri.

Yule mama wa Katuba alirudi mwaka wa pili. Kikaratasi alikuwa nacho, kimekuwa laini kama kitambaa. Tulimtuma ekografi siku iliyofuata, kapu namba moja.